Zaburi za Kutwa Nzima

Coldbrook, 11 Novemba 1668

Mdogo wangu Eliphalet,

Salamu nitakupa mwisho, kama zitabaki.

Jana nilivuka mto kuja huko kwenu Harrowfield kumwangalia Tamsin Cobb na kichanga chake. Mlangoni kwako sikupita, na sasa utajua kwa nini. Nimemkuta Tamsin analia, maziwa yamempungua, na mumewe Robert kakaa kizingitini anachonga mpini wa shoka ambao ulishachongwa ukaisha. Nikauliza, kuna msiba? Tamsin akasema, "Mchungaji amekataa kumbatiza mtoto. Anasema aliyezaliwa Sabato alitungwa Sabato. Anasema mimi na Robert tumeichafua siku ya Bwana kitandani, na mtoto ndiye shahidi."

Hivi wewe, Eliphalet, una akili timamu?

Mimi ni mkunga. Mwaka wa ishirini na nne huu napokea watoto wa pande zote mbili za mto, na nimeshapita mia tatu. Wanazaliwa Jumatatu, wanazaliwa Alhamisi, wanazaliwa siku ya kufunga na siku ya gwaride la mgambo. Mtoto hana kalenda kule tumboni. Wapo wanaowahi, wapo wanaochelewa, na wapo wanaokaa mpaka mama yao anaanza kuwatukana. Yule ng'ombe wako mwekundu alizaa Sabato mwaka juzi. Mbona hukumsimamisha kanisani?

Nasikia unataka Robert apande kigoda cha toba mbele ya watu wote, akiri. Robert Cobb! Mtu ambaye Sabato hata maharage yake anayala baridi ili mkewe asiwashe moto. Nakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni: mbatize mtoto, na hilo neno liishe.

Salamu hazikubaki.

Dada yako,
Mehitable Crane


Harrowfield, 16 Novemba 1668

Dada mpendwa katika Bwana,

Neema na amani. Barua yako nimeletewa na msagishaji, nami nimeisoma nikiwa nimepiga magoti, nikiomba nisikasirike. Nimefanikiwa kwa sehemu.

Fundisho hili si langu. Wazee wetu walilishika kule ng'ambo kabla hatujapanda meli, na wamelishika hapa. Mwili huzaa siku uliyopanda. Nimehesabu mwenyewe, dada, majuma thelathini na nane kamili, na hesabu imeangukia tarehe kumi na sita Februari, ambayo ilikuwa Jumapili, yaani Sabato. Hesabu haina upendeleo. Nikimpitisha Cobb kwa sababu ni mpole, kesho nitampitisha nani?

Na sikutegemea maneno haya yatoke kwako. Marehemu mama hakuchoka kunisimulia jinsi ulivyokuwa binti wa miaka kumi na mitatu tu, na Sabato ile ya kuamkia kuzaliwa kwangu ukasoma Zaburi kwa sauti kutwa nzima, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, hata majirani wakasimama njiani kusikiliza. Kila nikipanda mimbari namkumbuka binti yule. Amekwenda wapi?

Cobb na mkewe watasimama Sabato ya tarehe ishirini na tisa. Wakikiri kwa moyo mnyofu, tutaona.

Dorcas mke wangu anakusalimu. Ni mwezi wa tano sasa na hana shida, ila kiungulia. Ukipata mafuta ya bata, mtumie. Tunakutegemea katikati ya Machi.

Ndugu yako na mtumishi katika Kristo,
Eliphalet Stroud


Coldbrook, 23 Novemba 1668

Eliphalet,

Yule binti wa Zaburi mwache alipo. Ipo siku tutamzungumza.

Robert Cobb amekuja hapa kwa miguu, kwenye tope hili, amefika kalowa mpaka kiunoni. Nimempa supu, hakuinywa. Akaniambia, "Mama, hiyo Februari kumi na sita mimi nilikuwa msitu wa kaskazini nakata milingoti ya meli. Tulikuwa wanaume tisa. Sikumtia Tamsin machoni mpaka tarehe ishirini na saba."

Nikaruka. Nikamwambia, "Sasa si hiyo! Kamwambie mchungaji, una mashahidi wanane!"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto. "Nimwambie nini, mama? Kwamba siku aliyoihesabu sikuwepo? Ataniambia vizuri, Robert, wewe huna hatia. Halafu atamgeukia Tamsin. Atamuuliza, basi alikuwa nani?"

Nilikaa chini, Eliphalet. Sikuwa nimeliona hilo, na mimi ndiye najidai mwenye macho. Sheria yetu juu ya mke wa mtu unaijua, na huko mwishoni kuna kamba.

Sasa nisikilize, maana hapa mwenye elimu ni mimi. Mtoto yule alizaliwa kabla ya siku zake. Kucha zilikuwa hazijafika ncha za vidole, na mgongoni alikuwa bado na vinyweleo kama vya pichi. Siku kumi au kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Alitungwa baba yake aliporudi, kwa halali, siku ambayo mimi sina haja ya kuijua wala wewe. Lakini hizo hesabu zako zimemziba njia yule mtu. Akikataa, anamtia mkewe kitanzi. Akikubali, anasema uongo ndani ya nyumba ya Mungu, tena uongo wa kujichafua mwenyewe. Amechagua kusema uongo. Aliniuliza kama Mungu atamhesabia.

Nikamjibu atakayehesabiwa ni mwingine.

Zimebaki siku sita. Mzuie.

Mehitable


Harrowfield, 1 Desemba 1668

Dada mpendwa,

Laiti ungekuwepo! Robert Cobb alipanda kigoda akiwa kichwa wazi, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alikiri yote. Mkewe alisimama kando yake na mtoto. Shemasi Pell alilia, na unajua Pell si mtu wa machozi. Tangu niwekewe mikono sijaona roho ya Bwana ikitembea kati ya viti namna ile. Ungamo lake limeandikwa kwenye kitabu cha kanisa, nami nimelitia sahihi.

Wazee hata hivyo wanaona ubatizo usubiri mpaka barafu iyeyuke, ili tuone kama toba hii itazaa matunda. Nimekubaliana nao.

Kuhusu barua yako ya mwisho. Ukurasa ule unaozungumzia msitu nimeukata kwa kisu nikautia motoni. Nimefanya hivyo kwa kumhurumia Tamsin. Nakuomba usiniandikie tena jambo lile. Nikilijua waziwazi itanibidi nilipeleke kwa hakimu. Kwa sasa silijui. Na hayo ya kucha na vinyweleo ni mambo ya vyumba vya wanawake, hayawezi kusimama mbele ya fundisho.

Mafuta ya bata yamefika, asante.

Ndugu yako,
Eliphalet


Coldbrook, 9 Desemba 1668

Eliphalet,

Kwa hiyo ulijua. Ulisimama pale juu, ukamsikiliza mtu akidanganya kumwokoa mkewe, ukijua anadanganya, ukaita roho ya Bwana. Kisha ukatia sahihi.

Halafu mtoto bado hajabatizwa!

Natuma soksi jozi mbili, za Dorcas. Zako sikufuma, mikono imegoma. Sitakuandikia tena mpaka uchungu umshike mkeo. Siku hiyo nitakuja kwa ajili yake, na wewe ukae jikoni.

M. Crane


Harrowfield, 15 Machi 1669

Dada yangu mpendwa, tena mpendwa sana,

Umeondoka jana mapema mno, hata sikupata nafasi ya kukushukuru ipasavyo. Dorcas amelala vizuri na binti yetu ananyonya. Bila mikono yako sijui ingekuwaje. Lile bega la mtoto lilipokwama nilikusikia kutoka jikoni ukimwambia Dorcas, "Nitukane mimi, mtukane na mumeo, lakini sukuma," nikajua tuko salama.

Dada, kuna jambo dogo. Juzi, siku ya Jumamosi, anga lilikuwa zito na theluji ilikuwa inaanguka tangu mchana. Katika hali kama ile nani anaweza kusema kwa hakika jua limezama lini? Sabato huingia Jumamosi jua likizama, hilo sote tunalijua, lakini jua lenyewe hatukuliona siku nzima. Kwa kumbukumbu yangu kulikuwa bado na mwanga dirishani mtoto alipolia. Mishumaa iliwashwa mapema kwa sababu ya giza la theluji tu. Nawe pia utakuwa unakumbuka hivyo.

Wazee wameniuliza saa. Waliniuliza kwa adabu, lakini Pell alikuwa anatabasamu. Neno la mkunga ndilo linaloandikwa kitabuni. Ungeandika mstari mmoja tu, kwamba mtoto alizaliwa Jumamosi tarehe kumi na tatu kabla ya jua kuzama, ukatia jina lako.

Fikiria kanisa, dada. Fikiria watu wanaoishi kwa neno langu, watakavyotawanyika. Simfikirii Eliphalet hapa.

Na nimemkumbuka mtoto wa Cobb. Barafu imeanza kuyeyuka. Barua yako ikinifikia kabla ya Sabato hii ya tarehe ishirini na moja, nitawabatiza wote wawili siku hiyohiyo. Nimeshampa Robert tumaini hilo. Tamsin amekwisha shona kanzu ya mtoto.

Kwa hiyo unaona, liko mikononi mwako.

Mdogo wako,
Eliphalet


Coldbrook, 18 Machi 1669

Eliphalet,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilirusha kijiko. Mara ya tatu nilichukua karatasi nikauandika huo mstari wako, kwa sababu ya kanzu ya mtoto wa Tamsin. Nakwambia kweli, niliuandika na jina nikaweka. Kisha nikauchana.

Mtoto wako alizaliwa saa mbili kasorobo usiku. Mke wa Pell, aliyekuwa nasi chumbani, alikuwa ameshafunika gurudumu lake la kusokotea nyuzi kwa shuka na kusema, "Haya, Sabato imeshaingia, kazi basi," na Dorcas alikuwa bado hajasukuma hata mara moja. Mwanga uliouona dirishani ni mshumaa wangu. Sikuulizi mlikuwa mnafanya nini mwezi wa Juni. Mimi siamini fundisho lile. Wewe ndiye unayeliamini, tena umelitia sahihi mgongoni mwa mtu mwingine. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wala usinitegeshee mtoto wa Cobb kama chambo. Nikikuandikia huo mstari, mtoto wake atapata maji, sawa. Robert je? Atabaki kitabuni mvunja Sabato mpaka wajukuu wake wasome, na wewe utabaki msafi.

Sasa nisikilize, maana nitavunja kiapo nilichomwapia mama akiwa anakata roho.

Wewe unajua ulizaliwa alfajiri ya Jumatatu. Hukuzaliwa Jumatatu. Ulizaliwa Jumapili, Sabato, saa tatu asubuhi, na mchungaji wetu wa kule ng'ambo alikuwa na fundisho hilihili lako. Mama akasema mwanangu hatanyimwa maji. Mkunga akafunga madirisha. Tatizo likawa wewe. Ulikuwa na sauti, Eliphalet, sijawahi kusikia mfano wake katika watoto wote mia tatu. Ulilia kutwa. Ndipo baba akanipa kitabu akaniambia, "Kaa karibu na dirisha, soma kwa nguvu, na usinyamaze mpaka jua lizame."

Nikasoma. Zaburi zote nilizimaliza nikaanza upya. Ukipaza, napaza. Majirani wakasimama njiani wakasema, binti gani huyu mcha Mungu! Koo langu lilitoka damu. Sikuwa namsifu Mungu, nilikuwa nakuficha wewe. Jumatatu alfajiri nikatumwa nizunguke nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba mama amejifungua sasa hivi.

Mwaka wa thelathini na saba huu nimeitunza siri hiyo, hata nikikusikia ukiwasimulia watu Zaburi zile, tena mimbarini. Kwa hesabu yako wewe mwenyewe, hukustahili kubatizwa, wala kuwekewa mikono, wala kumsimamisha Robert Cobb popote. Kwa hesabu yangu mimi, ulikuwa mtoto tu mwenye njaa.

Uongo wa kwanza nilitumwa, nilikuwa mdogo. Wa pili sisemi. Panda kile kigoda ulichompandisha Robert, useme saa ya kweli, na ulifute ungamo lake kwa mkono uliolitia sahihi. Kabla hujafanya hivyo usiniite dada.

Mehitable


Harrowfield, 22 Machi 1669

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa kitandani, na mwandiko uuvumilie, maana mtoto yuko kwenye mkono wa kushoto.

Barua yako ililetwa Ijumaa, Eliphalet akiwa kwa wazee. Niliifungua mimi. Nisamehe, lakini nilikuwa nimeshamsikia akitembea chumba kizima usiku na mchana, akisema, "Mehitable ataandika, Mehitable hawezi kuniacha," nikaona nina haki ya kujua. Nilipomaliza kuisoma niliiweka chini ya godoro. Nilitaka nione atafanya nini bila ya wewe kumsukuma. Ni mume wangu. Nilitaka nijue nimeolewa na nani.

Basi Sabato ikafika na barua yako haijaonekana. Akasema labda ni matope. Mimi nilitakiwa nibaki kitandani kama desturi, na mke wa Pell akambeba mtoto kwenda kanisani. Walipotoka tu nikajifunga blanketi nikawafuata. Nilitembea nikishika uzio.

Nilifika mlangoni wakati anasema. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mtoto huyu alizaliwa Jumamosi, jua likiwa bado halijazama, kama mkunga anavyojua." Hakusema umeandika. Alisema unajua. Hata katika kudanganya, wifi, alichagua maneno! Na mtoto wa Cobb hakumtaja. Tamsin alikuwa kiti cha nyuma, amemvika kanzu mpya, anangoja.

Nikaenda mbele. Nikamchukua mwanangu mikononi mwa mke wa Pell, nikapanda kigoda cha toba nikasimama. Unajua wanawake hatuna ruhusa ya kusema kanisani, na mimi sikusema. Kila mtu anajua anayesimama pale anasimamia nini. Mke wa Pell akaninong'oneza, "Shuka, mama, utaanguka, una siku nane tu!" Sikushuka. Eliphalet akaniita jina, kwa upole, kama mtu anayemwita paka juu ya paa. Sikushuka. Mara nikahisi mkono unanishika kiwiko. Alikuwa Tamsin. Amekuja na mtoto wake.

Eliphalet akaangalia bakuli la maji. Nilidhani atatuombea kama wagonjwa. Kisha akateremka mimbarini. Kigoda hakikuwa na nafasi, akasimama chini, karibu na miguu yangu, na akavua kofia yake kama Robert alivyovua yake.

Akasema, "Jua lilikuwa limezama. Nilijua. Na Robert Cobb hakutenda kosa nililomlazimisha akiri. Hilo pia nililijua siku ileile. Hakuna mtoto anayehesabiwa siku yake. Tulijitungia hesabu hiyo wenyewe tukamsingizia Mungu."

Ule msitu wa Robert, ulionisimulia siku uliyokuja kunizalisha, hakuutaja, maana ungemrudishia Tamsin kitanzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba amesema akiwa na akili zake.

Akaagiza kitabu, akalikata ungamo la Robert kwa kalamu, na chini yake akaandika lake. Pell akasimama akasema, "Mchungaji, haya utayajibu!" Na atayajibu kweli, wazee wamemwita Alhamisi. Mimi nimeanza kupanga sahani ndani ya majani makavu, kwa kuwa nadhani tutahama. Lakini kabla ya hayo aliwabatiza wote wawili, mtoto wa Tamsin akatangulia.  Nje nilimwona Robert amekaa ukutani, amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika.

Barua yako, wifi, nimeichoma. Ameteremka bila kuijua, na sioni sababu ya kumpa sasa. Ukitaka kumwambia umwambie wewe, ni haki yako. Mimi naona kiapo chako kwa mama yenu kinaweza kukaa palepale kilipokuwa.

Ila asubuhi hii nusura nimwambie. Mtoto alikuwa analia, naye ameichukua hiyo sauti unayoisema, nakuapia. Eliphalet akahangaika, akafunga dirisha, akachukua Zaburi akaanza kumsomea kwa nguvu juu ya kilio chake. Nikamwambia afungue dirisha.

"Watu watamsikia," akasema.

"Waache wamsikie," nikamwambia. "Huyu hatumfichi."

Akanitazama, hakuelewa, lakini alifungua.

Wifi yako,
Dorcas Stroud